Kuku wa Kukaguliwa

Nikiwasimulia hii aibu mnicheke polepole, maana hapa Gatongora hadi leo nikipita sokoni kuna mtu ananiuliza kuku wanaendeleaje, na anajua vizuri sana wanavyoendelea.

Mimi ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha akina mama (nilijipendekeza mwenyewe, nikapigiwa makofi), na tulikuwa tumeomba serikali itupe pesa za mashine ya kuangua mayai, tuachane na yule jamaa wa Gitothua anayetuuzia vifaranga kwa bei ya ng'ombe. Tukaambiwa maafisa wawili watakuja kukagua kama kweli tunafuga, kwa sababu serikali yetu, mnavyoijua, haitoi shilingi ovyo. Nikafikiria na hiki kichwa changu kikubwa kwamba mgeni wa maana hapewi chai tupu, nikaamua tuchinje kuku wawili tu.

Wakaja. Maafisa walikuwa na dereva, dereva alikuwa na rafiki, chifu akasikia harufu, mzee wa mtaa akamsindikiza chifu, halafu ikafika gari nyingine ya watu waliosema wao ni kamati ya kuangalia kamati (sikuuliza, mwenyekiti haulizi). Kila mlango wa gari ukifunguliwa naashiria jikoni, na jikoni wanachinja. Mama Ciru, ambaye banda liko kwake na hao kuku amewalea kama watoto, akanivuta kando.

"Mwenyekiti, tukimaliza hawa, watakagua nini?"

"Watakagua ukarimu wetu," nikamjibu, na nikajisikia nimeongea kama mheshimiwa.

Walikula, wakasifu, wakaongezewa ugali. Kisha afisa mkubwa, mama mpole wa miwani, akanawa mikono, akatoa kalamu, akasema sasa twende bandani. Nikampa soda. Nikaomba sala ya kufunga, ndefu kabisa. Mwishowe tukaenda, msafara mzima, tukakuta manyoya na jogoo mmoja aliyeponea juu ya paa (alituangalia vibaya, na ni haki yake).

Afisa akamtazama, akatazama karatasi yake.

"Mama, mmeomba mashine ya kuangua mayai. Mayai atataga huyu?"

Chifu akacheka na mfupa bado mkononi. Mama Ciru alilia, na hapo ndipo niliona aibu ya kweli.

Pesa zilienda kwa kikundi cha Witeithie, ambako wageni walipewa maji. Mwaka huu tumeomba tena. Watakagua kwanza, kisha watakunywa chai ya rangi wakiwa wamesimama, na kisu cha jikoni anakaa nacho Mama Ciru.