Saba Mara Nne, Nne Mara Saba

Habari ya kifo chake niliipata kwa mama mmoja anayeuza samaki wa kukaushwa, aliyeshuka na mzigo wake kutoka Yanonge, kijiji cha mtoni karibu na Kisangani. Alikuwa akinifungia samaki wawili ndani ya jani alipouliza kama namkumbuka yule papa wa gitaa, mzee mwenye kidole cha shahada kilichopinda. Nikasema namkumbuka. "Tulimuzika juma ile ilipita," akasema, akakaza kamba na kumgeukia mteja mwingine. Nilisimama pale na samaki wangu mkononi mpaka watu wakaanza kunisukuma. Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba nimeishi miji mingi na kuacha kazi nyingi njiani, na kwamba mengi ya huko nimeyaandika hapa bila aibu. Lakini jambo moja la Kisangani sijawahi kuliandika, na linamhusu mtu huyu.

Wakati ule nchi ilikuwa bado Zaire, na kila mmoja wetu alikuwa mwanachama wa Chama tangu tumboni mwa mama yake. Mwenzangu huyo, niliyemwita Tonton, yaani mjomba, kwa kuwa alinizidi umri, alifanya kazi katika kiwanda cha nguo, akitia mafuta mashine za kufuma. Saa tisa alasiri aliacha mafuta na kushika gitaa, maana kila kiwanda na kila ofisi ilikuwa na kundi lake la animasiyo, yaani waimbaji na wachezaji wa kumsifu Kiongozi na Chama. Gitaa lilikuwa la kundi. Alilala nalo nyumbani kwake kwa sababu yeye ndiye aliyekaa karibu. Mimi nilikuwa nimeacha shule mwaka wa pili wa sekondari na kubeba mizigo bandarini, nikiuliza kila mtu maswali kuhusu kila kitu.

Siku moja nilibeba masanduku ya mwalimu mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Chini ya boksi aliloliacha nikakuta kaseti isiyo na jina. Ndani yake mlikuwa na wimbo mmoja mrefu, gitaa likikoroma kama mashine ya kukata mbao, na ngoma zikikimbia. Si ukali wake ulionishika. Kila nilipotikisa kichwa kuufuata, nilihisi kama mtu anayeshuka ngazi iliyokosa kidato kimoja. Nikampelekea mwenzangu, nikimtaka anieleze kile kidato kiko wapi. Akasikiliza mara moja, akauita wimbo ule Kilema, kwa sababu ulichechemea.

Nyaya za umeme wa bwawa la Tshopo zilipita juu ya mtaa wetu bila kushuka, kwa hiyo tulitumia betri. Zilipochoka tulizianika juani juu ya bati zipate nguvu kidogo. Kurudisha kaseti, niliizungusha kwa kalamu ili tusizimalize. Wiki nzima ya kwanza tulihesabu nne, kama tulivyohesabu nyimbo zote tulizozijua, na wiki nzima tulianguka.

"Hawa batu banapotea," nikamwambia.

"Hapana. Ni sisi njo tunapotea. Rudisha kaseti."

Siku ya nane akabadili njia. Akaniambia nifuate ngoma tu, nihesabu nne kwa kijiko juu ya mkebe wa maziwa, na nisimsikilize yeye hata akipiga vibaya. Yeye akafuata gitaa peke yake, na akagundua kwamba lenyewe linahesabu saba. Tukaenda hivyo, kila mtu na hesabu yake, kila mmoja akikaza meno asivutwe na mwenzake. Nilipomaliza nne yangu ya saba, yeye alimaliza saba yake ya nne, na sote wawili tukatua kwenye moja kwa wakati mmoja. Akaweka gitaa chini. "Alors, hawakupotea," akasema polepole. "Kila mumoja iko na njia yake, lakini banajua fasi ya kukutana." Ishirini na nane. Sijawahi kufurahia hesabu shuleni kama nilivyoifurahia siku ile.

Katikati ya wimbo palikuwa pagumu zaidi. Gitaa lilihesabu saba, saba, tano, kisha tisa, na jumla bado ilikuwa ishirini na nane. Ile tisa, au kenda kama tulivyoiita, ilitushinda. Kila mara mmoja wetu alifika kabla ya mwingine. Nikachukua karatasi na kuandika hesabu yote: mistari ya saba na ya nne, mishale ya juu na chini kuonyesha mkono unakoelekea, na kila mahali pa kukutana nikaandika 28 na kuizungushia duara. Niliandika mimi kwa kuwa mapadri wa shuleni waliwahi kuusifu mwandiko wangu. Yeye akaibandika karatasi nyuma ya gitaa kwa uji wa muhogo, isipotee. Hapo ndipo tulipokosea. Tulisahau kwamba gitaa lilikuwa la Chama.

Mgeni mkubwa alitarajiwa kutoka Kinshasa mwisho wa mwezi, na siku yenyewe haikutangazwa kwa watu kama sisi. Kwenye mazoezi, uwanjani mwa kiwanda, nilikuwa nimekaa ukutani nikitazama. Kundi lilikuwa katikati ya wimbo wa sifa pale mkono wa mwenzangu, uliozoea saba, uliporuka pigo moja. Mstari wa mbele wa akina mama ukageuka kushoto wakati wa nyuma bado unakwenda kulia, na kiwiko cha mtu kikaangusha kitambaa cha kichwa cha mwingine. Mmoja akacheka. Mwalimu wa animasiyo akapuliza filimbi.

"Citoyen, uko nachezea nani?" akauliza; siku zile sote tuliitwa citoyen, yaani raia.

Wakaanza tena, na mkono ukaruka palepale. Mwalimu akamvua gitaa begani, akaligeuza, akaona karatasi. Akaibandua taratibu, isichanike. "Na wewe pale ukutani," akaniita, "nakuonaka kwake kila siku. Kuya."

Ofisini kwa mkuu wa Chama wa mtaa tulisimama mbele ya meza. Mkuu alikuwa na abacost, lile koti la Chama lisilovaliwa na tai, iliyofungwa hadi kooni. Pembeni citoyenne mmoja, mwanamke wa makamo, alipiga chapa bila kuinua macho. Mkuu akaweka kidole kwenye duara la kwanza, la pili, la tatu.

"Tarehe makumi mbili na munane kuko nini?"

Nikamwona mwalimu akimtazama mkuu kwa haraka, nikaelewa. Siku ya mgeni ilikuwa hiyo.

"Si tarehe, citoyen chef," mwenzangu akasema. "Ni muziki."

"Muziki iko na mishale? Nani aliandika?"

Kalamu niliyoandikia ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu. Niliihisi kama kaa la moto. Nilitazama sakafu, nikahesabu nyufa za saruji. Watu walikuwa wakiingia katika vyumba vya nyuma vya majengo kama lile na kutoka wakiwa wengine. Nilisubiri kinywa changu kifunguke. Hakikufunguka.

"Ni mimi," akasema yeye.

"Bon. Kama ni muziki, piga. Ntafuata kwa kidole. Ukikosa namba moja, tunajua si muziki."

Gitaa la umeme lisilochomekwa popote hutoa sauti ndogo kama ya mbu. Akaanza, na chapa ikanyamaza ili tusikie. Mkuu akapotea kwenye saba ya pili. "Anza tena." Akapotea tena, na jasho likamtoka. "Hii haina kichwa," akasema.

"Inaomba ngoma, citoyen chef," mwenzangu akajibu, bila kunitazama. "Huyu njo anapigaka mukebe."

Hivyo nikapiga nne kwa vidole juu ya meza ya Chama. Saba mara nne. Tukatua. Kidole cha mkuu kilikuwa juu ya duara. Kisha sehemu ya katikati, ambayo hatukuwahi kuimaliza hata siku moja: saba, saba, tano. Tisa ikaja. Nikafumba macho, nikashika nne zangu, na mwishoni nikasikia nyuzi zikitua. Nilipofumbua, kidole kilikuwa kwenye duara la mwisho.

Citoyenne wa chapa akaguna. "Ni wimbo, chef. Iko tu na muguu moja mufupi."

Mkuu hakucheka. Karatasi ilibaki, gitaa likabaki, na mwenzangu akaondolewa kwenye kundi, kisha kiwandani, kwa sababu muziki wa namna ile haukuwa wa Zaire. Mimi sikuandikwa popote. Alipanda mtumbwi kurudi Yanonge kwa ndugu zake wavuvi, na mimi nikaondoka mjini kwa njia nyingine, haraka.

Miaka mingi baadaye niliusikia wimbo ule kwenye mashine nzuri katika mji mwingine. Kumbe una kasi zaidi na sauti yake iko juu zaidi. Betri zetu zilizoanikwa zilikuwa zikiuburuta, na sisi tukajifunza Kilema mwenye uchovu. Nilimfuata hadi Yanonge nimweleze, na nimweleze na lile lingine pia. Alikuwa akishona nyavu. Alicheka sana kuhusu betri. Nilipoanza, "Tonton, siku ile pale ofisini," alinikata.

"Siku ile kwenye kenda ulichelewa nusu," akasema. "Nilikungojea."

Siku zile tulifundishwa kupiga makofi pamoja hadi tukaamini kwamba umoja ni watu wote kuhesabu nne. Mtu yule alinionyesha kwamba unaweza kuhesabu saba na mwenzako nne na bado mkawa wimbo mmoja, mradi kila mtu afike mahali pa kukutana. Kuwa na hesabu yako mwenyewe ni rahisi, na mimi nimeishi hivyo maisha yangu yote. Kufika ndiko kugumu. Aliningojea kwenye tisa nikafika nimechelewa. Mbele ya lile swali moja la ofisini sikufika kabisa, naye akapiga pigo langu na lake. Basi, kwa yeyote anayekumbuka karatasi ile iliyobandikwa nyuma ya gitaa: mwandiko ulikuwa wangu.