Mstari wa Ukutani

Peninah Wangeci alipofika Doha alikuwa na miaka arobaini na sita, na wanawake aliosafiri nao walikuwa na umri wa binti yake. Walimwita Mathe, yaani mama, kwenye foleni ya pasipoti, wakamwomba awapige picha, kisha kila mmoja akachukuliwa na gari lake. Hakuwaona tena. Yeye alipelekwa Al Thumama, kwa mjane aitwaye Umm Ghanim, kupika, kufua na kusafisha vyumba tisa ambavyo sita kati yavyo havikuwa na mtu.

Nyuma ya nyumba palikuwa na banda la vioo lenye viyoyozi viwili. Umm Ghanim alikuwa amesoma Uskoti ujanani, na huko alipenda rasiberi, yale matunda madogo mekundu yanayozaa kwenye fito zenye miiba. Uzeeni aliagiza miche, akaipanda humo ndani kwa mistari miwili, mmoja katikati na mwingine kando ya ukuta. Kila Desemba viyoyozi viliteremshwa hadi pumzi ya mtu ikaonekana, maana mmea ule usipopigwa na baridi hauzai.

Siku ya kwanza Peninah alipoingia kupangusa vioo, alisimama mlangoni na ndoo yake mkononi. Kwao ni Molo. Kwa miaka kumi na sita alikuwa mfanyakazi wa shamba la rasiberi, hadi mwenye shamba alipouza ardhi ikakatwa viwanja. Fito zile alizijua kwa kuzishika tu. Lakini hakusema kitu. Kwenye karatasi zake wakala aliyemtafutia kazi alikuwa ameandika kazi za nyumbani, na yeye katika nyumba ile alijibu alichoulizwa, basi.

Na aliulizwa machache. Umm Ghanim alimwita Benina, kwa kuwa ulimi wake haukulipata jina vizuri, na maneno yao yalikuwa ya chai, ya pasi na ya vidonge vya presha. Ijumaa Peninah alikwenda kanisani, kisha Al Mansoura kwa Scovia, Mganda aliyefanya usafi hotelini. Walipika, wakacheka, wakazungumza mazuri na mabaya hadi jioni. Siku sita zilizobaki, sauti yake mwenyewe aliisikia tu akisema, "Ndiyo, Mama."

Februari ya 2023, mtunza bustani aliyekuwa akija kila wiki alirudi kwao. Umm Ghanim akampa Peninah mkasi wa kupogolea, akamwambia akate fito zote hadi kwenye udongo, kama yule bwana alivyokuwa akifanya kila mwaka.

Peninah alianza na mstari wa katikati. Ncha za fito zake zilikuwa zimekauka pale zilipozaa miezi michache nyuma. Hiyo ni aina inayozaa mwisho wa mwaka, kwenye ufito ulioota mwaka huohuo, na ni sawa kuikata yote, kwa kuwa itachipua na kuzaa tena. Alipofika ukutani mkono ulisita. Fito za pale zilikuwa nzima, zina macho ya kuchipua kutoka juu hadi chini, na hakuna hata mmoja uliowahi kuzaa. Ilikuwa aina ya pili, ile inayoota mwaka huu, ikakaa majani matupu, na kutoa matunda mwaka unaofuata. Ukiikata yote umekata mavuno kabla hayajaja. Ndiyo sababu mstari ule haukuwa umezaa hata mara moja tangu upandwe.

Alijua, na akakata. Ilimchukua asubuhi moja.

Mwezi wa tano alimwona Umm Ghanim kupitia dirisha la jikoni, ameinama ukutani, anainua jani moja baada ya jingine. Alitafuta kwa muda mrefu, kisha akarudi ndani na kuomba chai. Peninah alimpelekea bila kumtazama usoni.

Mwaka huo pia Scovia alimaliza mkataba, akarudi Masaka. Kuanzia hapo Ijumaa ikawa ndefu. Ibada ikiisha Peninah alipanda basi, mara nyingine akashuka Najma na kununua sabuni asiyoihitaji, kwa sababu mwenye duka lile humuuliza kila mteja hali yake.

Februari iliyofuata, wakati wa kifungua kinywa, Umm Ghanim alisema mstari wa ukutani utang'olewa. Amechoka nao. Wanaume wa kuuchimba wangekuja Jumamosi. Peninah aliibeba sahani hadi jikoni, akaiosha, akaifuta, kisha akarudi.

"Mama, mstari ule hauna ubaya. Ni sisi tunaoukata vibaya."

Umm Ghanim aliweka kikombe chini. Akamuuliza amejuaje, na Peninah akamweleza habari za Molo, miaka kumi na sita, na aina mbili za fito. Hakuwahi kusema maneno mengi kiasi hicho katika chumba kile.

"Mwaka jana ulipokata, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Hukuniuliza, Mama. Nami nimezoea kutoulizwa."

Umm Ghanim alichukua simu, akawaambia wale wanaume wasije.

Peninah aliondoa fito dhaifu na zilizovunjika, akabakisha zenye nguvu, akazifunga kwenye waya kwa nafasi ili mwanga upite. Mwezi wa nne zikatoa maua meupe. Kabla hayajawa matunda, Umm Ghanim aliteleza bafuni, akavunjika nyonga. Ghanim, mwanawe, akampeleka Ujerumani kutibiwa. Alimwagiza Peninah aangalie nyumba na azime viyoyozi vya banda, maana hakuona faida ya kupoza majani. Peninah akamjibu kwamba Mama amekataza visizimwe. Haikuwa kweli. Ghanim aliitikia huku akitazama saa, akaondoka.

Matunda yaliiva mwezi wa tano, mengi hadi fito zikainama. Peninah alipiga picha, akamtumia Umm Ghanim. Hazikujibiwa. Akamtumia binti yake Emily, aliyeko Nakuru, naye akaandika kwamba ni mazuri na kwamba yuko kwenye mkutano. Kwa wiki tano Peninah alichuma kila asubuhi, peke yake, akayagandisha kwenye friza. Ijumaa moja alibeba boksi mbili hadi Al Mansoura, kwenye mlango aliokuwa akibisha zamani. Alifungua msichana Mkenya aitwaye Velma, tayari amevaa sare ya ulinzi. Alipokea boksi moja, akashukuru sana, akasema gari la kazini linamsubiri. Boksi ya pili Peninah aliila mwenyewe, amesimama kituo cha basi.

Mavuno yalipoisha alikata kila ufito uliozaa, akafunga fito changa mahali pake.

Umm Ghanim alirudi Oktoba, anatembea kwa kujishikiza kigari cha chuma. Hata hakuvua abaya, akataka kupelekwa bandani. Pale ukutani aliona majani tu, na uso ukamshuka. Peninah alikimbia jikoni, akarudi na mfuko kutoka kwenye friza. Umm Ghanim aliweka tunda moja mdomoni, akangoja barafu iyeyuke.

"Yalikuwa mengi?"

"Kilo ishirini na mbili, Mama."

Akala la pili. Kisha akasema picha zilimfikia zote. Alizitazama kila siku pale hospitalini. "Sikujua nikuandikie nini," alisema.

Tangu hapo huketi kwenye kiti cha plastiki bandani wakati Peninah akifanya kazi. Humuuliza juu ya Molo, juu ya Emily. Mara nyingine saa nzima hupita bila neno. Februari alishika mkasi mwenyewe, akawa anauliza kuhusu kila ufito kabla ya kukata.

Mwaka huu mkataba wa Peninah umekwisha, naye ameweka sahihi ya miaka miwili mingine. Emily alimuuliza mama yake kwenye simu ana nini huko ambacho nyumbani hakipo. Peninah akamwambia tu kwamba Desemba viyoyozi vinateremshwa, na lazima awepo mtu anayejua.