Vijana wa Moshi Wakifurahia Mji Wao

Picha iliyomwoza Mektrida mume ilipigwa siku ambayo alikuwa amejiandaa kwa kila jambo isipokuwa kupigwa picha.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne. Mektrida alikuwa binti wa Kilema, mtoto wa katekista Primus, mzee aliyetunza kihamba chake cha kahawa na migomba kwa bidii ileile aliyowatunzia watoto wa Komunyo ya Kwanza. Mzee alikuwa ameshamwona mkwe amtakaye: Filemon, mwalimu wa kwaya, kijana mpole sana. Mektrida hakuwa na neno baya la kusema juu ya Filemon. Shida ni kwamba hakuwa na neno zuri pia. Yeye alitaka kazi ya kupiga taipu mjini.

Kwa kuwa alimfahamu baba yake, hakupoteza muda kubishana naye. Alimwambia kwamba anasikia kama Mungu anamwita utawani, na kwamba angependa kufanya mafungo kwa sista mzee wa Kijerumani pale misheni ili ausikilize wito huo vizuri. Katekista angesema nini? Hakuna katekista anayempinga Mungu mbele ya mke wake. Mzee Primus alimbariki binti yake kwa machozi, na binti akateremka kilima, akaipita misheni bila kugeuza shingo, akapanda basi kwenda Moshi kwenye usaili wa kazi. Huko mjini, mtaa wa Pasua, alikuwa na rafiki aliyemwazima viatu vya raizoni, virefu kama vigoda, na gauni la maua.

Usaili ulikwenda vizuri. Alitoka ofisini akitembea kwa madaha, kadiri raizoni zilivyomruhusu, mpaka akafika karibu na mnara wa saa.

Ng'ambo ya barabara alikuwa amesimama Ramnik, mwenye duka la vitabu na picha. Ramnik aliuza postikadi. Alikuwa nazo za tembo, za twiga, za akina mama wenye mikungu kichwani, na za mlima kutoka kila upande. Kilichomkera ni kwamba ukizitazama zote kwa pamoja ungedhani Moshi haina hata barabara ya lami. Alizaliwa hapo, babu yake alifungua duka hapo, naye alitaka angalau kadi moja inayoonyesha kwamba huu ni mji na watu wake wanavaa viatu. Basi siku hiyo alisimama na kamera akisubiri wingu liondoke kilele cha Kibo. Likaondoka. Ramnik akabonyeza.

Wakati uleule kijana mmoja mwenye shati jeupe la kola pana, aliyekuwa akipita, aliinama sikioni kwa Mektrida akamwambia kwa sauti ya chini, "Samahani dada, shimizi yako inaonekana."

Mektrida akageuka, mdomo wazi, macho yametoka. Kijana akawa ameshaenda zake. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao yote.

Kwenye picha, lakini, mambo yalikuwa mengine kabisa. Kwenye picha kulikuwa na mlima mweupe juu, mnara wa saa chini, na katikati kijana mtanashati akimnong'oneza msichana ambaye, kwa furaha ya alichokisikia, alikuwa akicheka. Ramnik alipoisafisha akajua amepata. Akaipeleka Nairobi ikachapishwe kwa rangi, na kwa nyuma akaandikisha: Vijana wa Moshi wakifurahia mji wao.

Mektrida alipata kazi. Nyumbani alieleza kwamba Mungu amemwita kweli, ila amemwita kwanza kwenye taipu. Mambo yakatulia. Miezi ikapita, hadi mchana mmoja alipopita mbele ya duka la Ramnik akajikuta amening'inia dirishani, kati ya tembo na chui.

Gauni, raizoni, mwanamume, na mnara wa saa ambao hata mtoto wa Kilema angejua hauko misheni! Aliingia dukani akaomba kadi zote zilizokuwepo.

"Zote?" akauliza Ramnik.

"Zote."

"Una ndugu wengi Ulaya?"

"Wengi mno," akasema Mektrida, akalipa, akatoka na bahasha kwapani. Alizichoma jikoni kwa rafiki yake wa Pasua, akapumua.

Naye Ramnik akakaa nyuma ya kaunta yake akitafakari. Kwa miaka aliyofanya biashara hiyo, hakuna mwenyeji aliyewahi kununua postikadi hata moja, na leo amekuja dada wa hapahapa akamaliza kadi zote! Kumbe watu wa Moshi walikuwa na kiu ya kujiona. Jioni ileile akamwandikia mchapaji wa Nairobi amletee sanduku zima.

Mektrida alipopita tena, alijikuta mlangoni, dirishani, na juu ya kaunta. Akaingia. Ramnik alimpokea kwa tabasamu pana.

"Karibu dada! Nilijua utarudi. Usiwe na wasiwasi, safari hii haziishi."

Mektrida angeweza kumwambia ukweli. Lakini Ramnik alimtazama usoni bila kumtambua hata kidogo. Msichana wa picha alikuwa anacheka, na huyu aliyesimama mbele yake alikaribia kulia. Mektrida akaona heri anyamaze. Akanunua moja, kwa aibu tu, akaondoka.

Kuhusu Kilema alijipa moyo: kadi hizi ni za watalii, zinapanda ndege, zinakwenda zao. Na kweli zilikwenda. Mojawapo ilikwenda Ujerumani ndani ya mkoba wa yule sista mzee, ambaye alikuwa amemaliza utume wake Kilema na kurudi kwao. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, akaona mlima tu. Noeli ilipokaribia aliitumia kadi hiyo kumsalimu mtumishi mwenzake. Basi picha ya Mektrida, ambayo kutoka Moshi mpaka Kilema ingefika kwa basi kabla ya chakula cha mchana, ilizunguka Ulaya, ikavuka bahari mara mbili, ikafika kwa katekista Primus ikiwa na stempu ya kigeni na salamu: "Mpe pia salamu Mektrida, ambaye sijamwona siku nyingi."

Padre alimkabidhi kadi hiyo mbele ya kanisa, baada ya Misa. Mzee Primus alikuwa amesahau miwani nyumbani, kwa hiyo akaisambaza ili wengine waione kwanza. Ikapita mkono kwa mkono. Ikapita kwa akina mama, ikapita kwa wanakwaya, ikapita kwa Filemon, ambaye aliishika muda mrefu kuliko wengine kisha akaondoka bila kuaga. Waumini wote walipokuwa wamekwisha kuiona, mzee akaenda nyumbani kuvaa miwani.

Mektrida aliitwa.

"Huyu nani?" akauliza mzee, kidole juu ya kadi.

"Mimi, baba."

"Na huyu?"

"Simjui."

"Humjui! Anakunong'oneza, unacheka, na humjui?"

"Baba, sicheki. Ameniambia…" Akasita. Neno shimizi halikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba ya katekista.

"Amekuambia nini?"

"Kitu cha kawaida tu."

"Nenda kamlete," akasema mzee. "Aje aseme mwenyewe hapa kwamba hakujui."

Hivyo Mektrida akaanza kumtafuta mwanamume asiyemjua, ili mwanamume huyo aje kuthibitisha kwamba hamjui. Aliuliza huku na huko mjini akiwa na kadi mkononi, na kila aliyemwonyesha alimtazama kwa huruma, kama binti aliyekimbiwa. Hatimaye akampata karibu na soko, ameinama bandani mwake juu ya redio iliyofunguliwa tumbo. Aliitwa Elimringi, mtoto wa Machame, Mlutheri kindakindaki.

Elimringi alipoinua uso na kumwona, alishika kichwa. "Ni wewe! Kadi imefika Machame, pamoja na habari kwamba wewe ni binti wa katekista wa Kilema. Unajua mama yangu hanisemeshi tangu juzi? Anasema nimeingia kwa Wakatoliki kwa siri."

"Na mimi baba yangu anataka uje Kilema useme hunijui."

"Nitasema hata kwa kiapo," akasema Elimringi. Akafunga banda.

Safari yao ingewasaidia sana laiti wangekaa viti tofauti. Lakini walikaa pamoja ili wapange maneno ya kusema, na maneno ya kusema yakaisha mapema, maana yalikuwa machache. Kwa hiyo wakaanza kusimuliana: Mektrida jinsi Ramnik alivyomwuliza kama ana ndugu Ulaya, naye Elimringi jinsi mchungaji wao alivyoifunika kadi kwa kitabu cha nyimbo akidhani hakuna aliyeiona. Waliposhuka na kuanza kupanda kwa miguu katikati ya migomba, Mektrida alikuwa akicheka hadi ameshika mti.

Mzee Primus, aliyekuwa amesimama juu kihambani amevaa miwani, aliwaona tangu chini.

"Shikamoo mzee," akasema Elimringi.

"Marahaba. Umekuja kuniambia nini?"

"Nimekuja kukuambia kwamba mimi na binti yako hatujuani."

Mzee akawatazama mmoja mmoja. Kisha akamwita mkewe aje asikie, maana hakutaka kuyafaidi maneno hayo peke yake. "Nimefundisha katekisimu maisha yangu yote," akasema. "Nimedanganywa na watoto, na wazee, na walevi. Lakini kudanganywa kwa namna hii, sijapata."

Hapo yakawa mambo ya wakubwa. Mjomba wa Elimringi alipanda kutoka Machame na jani la isale, lile ambalo Mchagga akiombwa nalo msamaha hawezi kukataa, akaomba radhi kwa kosa ambalo mpwa wake aliapa hakulitenda. Mzee Primus akasamehe. Lakini kosa likishasamehewa limekwisha kukubaliwa kwamba lilikuwepo, na likiwepo linahitaji marekebisho, na marekebisho yanahitaji mbege, pombe ya ndizi. Wakati wazee wakijadili nani abatize watoto, vijana walikuwa wakikutana Moshi kila jioni kupanga namna ya kuwaeleza wazee ukweli. Walipanga kwa moyo sana. Siku moja Elimringi akauliza, "Hivi tukifanikiwa kuwaeleza, ndiyo tutaachana?" Mektrida akafikiri, akaona kweli hiyo ingekuwa hasara. Hawakuwaeleza tena.

Walifunga ndoa Kilema, baada ya majadiliano marefu ya kimadhehebu. Filemon aliongoza kwaya, akaimba vizuri mno, akaoa mwaka uliofuata akaonekana mtu aliyenusurika. Elimringi na Mektrida wakajenga nyumba mtaa wa Rau. Mume akatengeneza redio mpaka redio zikaisha, akahamia televisheni. Mektrida akapiga taipu mpaka kompyuta zikaja. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka wa sabini na saba na mzigo wa Nairobi ukawa hauji, watu wa Moshi walilia kwa mengi, na Mektrida akafurahi kwa moja. Haikumsaidia. Sanduku la Ramnik lilikuwa bado limejaa.

Mwaka huu, Chirag, mjukuu wa Ramnik, amefanya maonyesho kwenye mkahawa mmoja mjini. Postikadi zote za babu yake zimekuzwa na kupangwa ukutani: stesheni ya reli enzi za abiria, magunia ya kahawa, maduka ambayo leo ni vibanda vya simu, sinema ambayo vijana hawaamini kwamba ilikuwepo. Na katikati, kubwa kuliko tembo, Vijana wa Moshi.

Wazee hao wawili walikwenda kuiona siku ya Jumamosi. Walimkuta Pamela, mtafiti aliyeandaa maelezo, akiwaongoza wageni.

"Shikamooni," akasema Pamela, akawapisha mbele. Kisha akaendelea: "Hapa mnaona mojawapo ya kadi za mwanzo kabisa ambazo hazimwonyeshi mwenyeji kama pambo la mlima. Ni penzi la mjini, la wazi, bila ya wazee. Tazameni anavyomchekea."

Elimringi akakohoa. "Mwanangu, huyo kijana ni mimi. Na huyu ndiye yule msichana."

Mkahawa mzima uligeuka. Pamela alishika mdomo, Chirag akaleta viti, simu zikatolewa. Elimringi akahadithia yote, mwanzo mpaka mwisho, akalitamka lile neno kwa sauti kubwa, na wageni wakacheka hadi chai ikamwagika. Mektrida alimkanyaga mguu chini ya meza, lakini alikuwa amechelewa. Pamela alirekodi, akashukuru, akaahidi kwa dhati kwamba maelezo ya ukutani yatasahihishwa.

Aliitimiza ahadi. Wiki iliyofuata walipokwenda tena, na wajukuu safari hii, walikuta kibao kipya. Nafasi ilikuwa ndogo, Pamela alilazimika kufupisha. Kilisomeka: Elimringi na Mektrida, mume na mke, wakitembea mjini baada ya harusi yao, 1974.

Elimringi aliwaka. "Baada ya harusi! Namwambia aondoe sasa hivi. Tulikuwa hatujuani! Nitamwita Chirag."

"Keti," akasema Mektrida.

"Lakini ni uongo!"

Mektrida aliisogelea picha, akaitazama kwa muda. Aliwaona watu wa nyuma ambao hakuwahi kuwaangalia: mwanamke aliyebeba mtoto, mzee mwenye baiskeli, mwuza magazeti, wengi wao bila shaka wameshafariki, na kibao hakikusema lolote juu yao, la kweli wala la uongo.

"Keti," akarudia. "Baba angekipenda kibao hiki." Kisha akamwita mhudumu, akauliza kama mtori, ile supu ya ndizi, upo, na wakaletewa bakuli nne, ingawa wajukuu wawili walisema hawali mtori; wakala wote.