Vitanda vya Visu

Masalu, mnunuzi wa chuma chakavu, hakupeleka mzigo kupimwa kabla hajapita mlangoni kwa Specioza.

"Bibi, leo nimekuletea ng'ombe," alisema asubuhi ile. "Zizi lako linajaa, na hakuna anayeomba majani."

Akamkabidhi mnyama mdogo wa chuma, miguu mifupi, mgongo mrefu ulionyooka kama benchi.

Ndani ya nyumba yake hapo Bariadi, kwenye kopo la majani ya chai, Specioza alikuwa na vitu vingi vya kufanana na hicho: vya kioo, vya bati, vingine na kirungu huku na huku mithili ya mfupa wa kuku. Jirani mmoja aliwahi kudhani ni vya mganga, tangu hapo Specioza akawa anavificha wageni wakija. Ingawa wageni wenyewe walikuwa nani? Mume alishatangulia mbele za haki, na watoto walikuwa Mwanza na Dar, sauti za kwenye simu Jumapili baada ya misa.

Vilikuwa vya kulazia visu. Katika usichana wake yeye na mwenzake wa jikoni, Anna, waliandaa meza ya mapadri wazungu, kila padri na chake, ili kisu chenye mafuta kisiguse kitambaa. Wao wawili waliviita vitanda vya visu. Mapadri walipoondoka vitu vikatawanyika, na Specioza akawa anaviokota kimoja kimoja popote vilipozukia. Cha fedha alikijua kwa kiini cha yai, maana kikiguswa nacho kinaingia weusi. Cha kioo cha zamani alikijua kwa kiputo cha hewa kilichobaki tumboni. Ila mnyama hakuwahi kumwona mezani. Wa kumuuliza alikuwa Anna tu, naye aliolewa kijijini Sola.

Akaenda.

"Mwangaluka, mayo," Elina, mkamwana wa Anna, alimpokea uani kwa salamu ya Kisukuma. "Usije ukashangaa, mama siku hizi hajui watu. Jana mimi nilikuwa dada yake."

Anna alikuwa mkekani. Alimtazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu wa parokia nyingine.

"Umetoka mbali?"

"Bariadi. Ni mimi Specioza. Wa jikoni kwa mapadri."

"Aa. Hawajambo?"

"Waliondoka zamani, Anna."

"Basi uwasalimie."

Specioza akamwekea mnyama kiganjani. "Na hiki, unakijua?"

Anna akamgeuzageuza. "Ng'ombe wa mtoto. Hana hata pembe, masikini." Akamweka chini.

Specioza alikuwa amesafiri kwa ajili ya jina moja, waliseme tena wawili. Utakalo lifanyike, aliomba moyoni, na maneno yakawa mazito.

Elina akaleta papai na kisu. Anna akakata, kipande cha kwanza akampa mgeni. Kisha, bila kuangalia, mkono wake ukakilaza kisu juu ya mgongo wa mnyama, makali yakielekea ndani, kama walivyofundishwa. Kikatulia.

"Kitambaa kisichafuke," alisema, na chini yao palikuwa na mkeka tu.

"Kitanda chake hicho," Specioza akasema taratibu.

Anna alikuwa anaokota mbegu za papai kwenye kanga yake.

Specioza alimwacha mnyama Sola, chini ya kisu. Jioni, kwake, alitoa vitanda viwili kwenye kopo, akaviweka pande mbili za meza, akasali sala ya chakula kwa sauti, kisha akala upande wake.