Mzee wa Meinfremu Niliyemteremsha Ngazi

Nilimfukuza mtu nyumbani kwangu mbele ya wanawake wa jumuiya ya kanisa, na hakuwa amenikosea kitu. Halafu nikadanganya. Nasema hayo mapema ili usinihurumie njiani.

Mimi ni nyanya, naishi mtaa wa Tassia, Nairobi, orofa ya tano, nyumba isiyo na lifti. Niko na mjukuu wangu, nitamwita Nekesa. Mama yake alipofariki nilimchukua akiwa mdogo, nikamlea nikiwa kwenye mabanda ya Mukuru kwa Njenga, nikienda kwa miguu kila asubuhi kupakia sabuni kwenye kiwanda cha Industrial Area. Mimi niliachia shule darasa la tatu. Yeye alifika chuo kikuu. Basi nikajiona askari wa geti lake, na ujinga wangu wote ulianzia hapo.

Nekesa alipata kazi kwa kampuni ya bima, mkataba wa miezi sita wa kujaribiwa. Nikamuuliza ni kazi gani.

“Kukhu,” akaniambia, maana ndivyo tunavyoita nyanya kwetu magharibi, “kuna mashine kubwa ya zamani, inaitwa meinfremu. Imekaa kama kabati. Rekodi za wateja wote ziko ndani, na hizo rekodi ndizo databesi. Mimi naangalia zisiharibike wala zisipotee.”

“Na wenzako?”

“Wenzangu wanataka mambo ya simu. Hii wanasema ni ya wazee.”

Na kweli ilikuwa ya mzee. Aliyeijua ile mashine ndani nje alikuwa mtu mmoja, na alikuwa amestaafu. Nekesa alimtafuta, akambembeleza, mzee akakubali kumfundisha kila Jumamosi mchana bila kuitisha chochote. Walikutana kwetu kwa sababu kwake kulikuwa na mgonjwa, mke wake, aliyehitaji utulivu.

Haya yote Nekesa aliniambia. Sitasema sikuambiwa. Niliambiwa, nikaitikia, na moyoni nikakataa.

Mzee alikuja na koti la suti na goti bovu. Alibeba daftari nene lililofunikwa kwa karatasi ya kaki kama la mtoto wa shule. Walikaa mezani, mimi nikakaa mlangoni nikichambua mboga, masikio yote yakiwa ndani. Nilisikia nini? Nilisikia masomo tu.

“Kopi ya rekodi ambayo hujawahi kujaribu kuirudisha, usihesabu unayo,” alikuwa akisema. Au, “Kabla hujagusa kitu, andika saa na unachotaka kufanya. Ukipotea, utajua ulitokea wapi.” Na hili alilirudia kila wiki: “Mashine ikikuandikia kosa, soma mpaka mwisho. Watu husoma neno la kwanza, wanaanza kukimbia.”

Mtu wa nia mbaya angeongea hivyo kweli? Lakini jirani yangu Mama Brayo alikuwa na maneno yake kwenye ngazi.

“Nyanya, naona tumepata mkwe.”

“Mkwe gani? Huyo ni mwalimu.”

“Mwalimu na koti hilo? Na goti hilo? Mtu hapandi orofa tano na goti kama hilo kwa ajili ya kompyuta, nyanya. Mimi nimeolewa mara mbili, najua.”

Alicheka akaenda zake kuanika nguo. Mimi nikabaki na lile neno wiki nzima, likinikwaruza.

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilikuwa inasalia kwangu. Wanawake walifika mapema, wakamkuta mzee mezani peke yake na miwani yake. Nekesa alikuwa ameshuka na mtungi kuchota maji kwenye mfereji wa chini. Mama mmoja akamwangalia mzee, akaniangalia mimi. Hayo macho yake ndiyo yaliyonimaliza.

Nikasimama. “Baba, una wajukuu?”

“Ninao, mama. Watano.”

“Basi nenda ukawafundishe hao. Wangu muache.”

Hakubishana. Alivua miwani, akaitia mfukoni, akafunga daftari lake, akalitia kwapani. Akasema, “Samahani kwa usumbufu, mama.” Nikamsikia akishuka ngazi moja moja, akishikilia chuma. Wanawake wakaanza wimbo, na mimi nikaimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nekesa akapanda na maji. “Mzee ameenda wapi?”

“Amepigiwa simu ya haraka,” nikasema. Na Biblia iko mkononi!

Jioni Nekesa alimpigia. Mzee angenitaja na angekuwa na haki, lakini alimwambia tu kwamba goti limezidi, ngazi zimemshinda. Alinifichia aibu mimi niliyemwaibisha. Kwa hivyo uongo wangu ukakaa, na Nekesa akaona haya kumsumbua tena mzee wa goti bovu.

Somo lililokuwa limebaki ni la kurudisha databesi ikianguka. Nimeelezwa hivi: kopi huchukuliwa siku moja, na kila kinachobadilika baada ya hapo huandikwa kando, kwenye kitu kinaitwa logi. Ukitaka kurudisha, unaanza na kopi, halafu unaongeza logi kwa mpangilio wake. Ukiruka moja, umeharibu.

Nikamwambia, “Si usome kwenye mtandao? Kila kitu kiko huko.”

“Vitabu viko, Kukhu, na ni vizuri. Lakini vinaeleza mashine ya kila mtu. Daftari la mzee linaeleza yetu.”

Siku ya jaribio kampuni ilimwambia arudishe databesi kwenye mashine ya mazoezi, mabosi wakiangalia. Akifaulu, anaajiriwa moja kwa moja. Kopi ilikubali kurudi. Logi moja haikuonekana. Mzee alikuwa na kawaida ya kuhamisha za zamani pahali pengine, na hapo pahali palikuwa pameandikwa kwenye daftari lake tu. Nekesa alitafuta mpaka muda ukaisha. Hakuna mteja aliyeumia, lakini kazi walipewa watu wa nje, na yeye akawekwa kupokea simu mpaka mkataba uishe.

Alirudi akaketi bila kuvua viatu. “Huo ukurasa tungeufikia ile Jumamosi,” akasema.

Ndipo nikamwambia ukweli, wote, pamoja na ile simu ambayo haikuwepo.

Hakupaza sauti. “Kukhu, ungeniuliza tu,” akasema. Afadhali angenifokea.

Kesho yake nilienda mwenyewe kwa mzee, nikiwa nimepanga maneno ya kusema. Alinifungulia na kitambaa cha jikoni begani. Mke wake alikuwa amelala kwenye kochi. Nikaomba msamaha hapo hapo mlangoni.

Akafuta mikono kwa kile kitambaa. “Mama, nimefanya kazi maisha yangu yote na nimefukuzwa mara moja tu. Na hiyo kazi ilikuwa ya bure.”

Halafu akasema, “Mwambie msichana aje achukue somo lake. Aje hapa. Kwako sipandi tena.”

Sasa kila Jumamosi Nekesa huenda huko, ananakili daftari ukurasa kwa ukurasa, kwa ajili ya mashine ambayo hagusi tena. Anasema kuna kampuni zingine zenye mashine kama hiyo. Sijui. Naomba ziwepo.

Ninyi vijana mnaotunza hizo mashine, watafuteni wazee wake wakiwa bado wanaongea. Muwaandike, na mjaribu kopi zenu kabla hamjazihitaji. Na ninyi wenzangu wenye nywele nyeupe, ulizeni kabla ya kufukuza. Mimi nilisoma neno la kwanza tu, mzee na msichana, nikaanza kukimbia.

Akitoka Jumamosi, Nekesa hufunga chumba chake kwa kufuli. Zamani hakikuwa na kufuli. Nami sijauliza ufunguo uko wapi.