Kikao cha Kunusuru Ndoa Kimevunjwa na Harufu

Asubuhi hii niliamini kwamba ndoa ya mwanangu imekufa.

Mkewe amemhamishia sebuleni, wala hataki amkaribie. Nikaitisha kikao cha familia hapa nyumbani, Makole.

Nikaanza kwa kumwambia mkwe: "Binti yangu, ndoa ni uvumilivu."

Akaziba pua, akakimbilia uani. Tukamsikia anatapika.

Nilikasirika. Tangu lini nasaha zangu zikatapisha watu?

Mke wangu akaangua kicheko. "Mzee, tumezaa watano na bado hujui? Huyu ana mimba, nayo imemkataa mumewe!"

Mkwe akachungulia dirishani. "Nisamehe, baba. Na wewe una harufu kama yake."

Sasa mimi na mwanangu tumekaa nje, juani, tukichekelea.

Mjukuu hata hajazaliwa, tayari amewafukuza baba yake na babu yake.

Wazee wenzangu, ninyi mliruhusiwa kurudi ndani lini?