Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Katika miaka ile ya tisini nilirudi nyumbani, karibu na Kapsoit, nikiwa nimetoka hospitali. Nilikuwa nimepona taifodi, namshukuru Mungu, baada ya kumeza dawa kali majuma mengi. Daktari alinionya nijihadhari na uchafu, nami nikazidisha. Nilivichukua vibuyu vya mama vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, nikavisugua kwa sabuni na maji ya moto.

Mama alinikuta nikivianika.

"Wewe, umeviosha na nini?"

"Sabuni, mama. Kuna vijidudu."

"Vijidudu! Si ndivyo vilivyokulea? Haya, sasa utakunywa povu."

Kweli, maziwa tuliyotia humo yalioza, tukawamwagia mbwa. Nikabaki na chai ya rangi na mkate. Ndipo hofu ikaja.

Ilinikuta mchana, kwenye foleni ya kupimia majani ya chai. Moyo ulienda mbio, mikono ikawa baridi. Niliacha kikapu changu pale, nikakimbia. Jumapili nilisimama kusoma Zaburi, mimi mzee wa kanisa, sauti ikakataa kutoka.

Nilijua ninachoogopa. Ndugu wa baba yangu alianza hivyo hivyo, akashikwa na wazimu, akafa akiwa amefungwa kwa kamba ya ng'ombe kwenye nguzo ya ghala. Jikoni kwetu ilining'inia kamba kama ile. Kila nilipoingia niliitazama kwanza. Nilimwomba Mungu watoto wangu wasije wakaniona nimefungwa.

Mama hakunihubiria. Alichoma kijiti cha senetwet, mti wetu wa kutunzia vibuyu, akasugua kibuyu ndani kwa kaa lake, akatia maziwa, akangoja. Yakaharibika. Akarudia, yakaharibika tena.

"Ulikiua," alisema. "Kukifufua ni polepole. Si wewe hutufundisha kwamba uvumilivu ni tunda la Roho?"

Mara ya tatu yakaganda, yakanukia moshi. Akanipa kikombe kila asubuhi, akasimama mpaka nimalize.

"Nikiwa wazimu utanifunga?" nilimuuliza siku moja.

"Nikufunge na nini? Kamba ni ya ndama. Kunywa."

Siku hizi nasikia wataalamu redioni wakisema vijidudu vyema vya tumboni huenda vikaisaidia akili, ila bado wanachunguza. Siwezi kuapa kwamba ni maziwa. Nilikuwa nimeanza kula vizuri tena, na kanisa liliniombea. Hofu nayo haikuondoka siku moja. Ilirudi mara nyingi, hata kwenye foleni ya chai, ikanikuta nimeshika kikapu kwa mikono miwili.

Lakini asubuhi moja niliitoa kamba ukutani mwenyewe. Nilimfunga ndama, nikakama, nikajaza kibuyu, nikampelekea mama. Alikinusa kwanza mdomoni.

"Sabuni?"

"Hapana, mama."

"Haya. Kiweke pale tungoje."